Kisanduku cha Mwisho ni cha Heri

Kasongo, Alhamisi tarehe 9 mwezi wa kumi 2025

Mwanangu mupendwa Aziza,

Salamu nyingi sana, mama. Uko namna gani? Ile homa iliisha kabisa? Usinifiche. Na mukwe wangu, kazi inaenda? Huku tuko, tunashukuru Mungu. Baba yako Atumani iko, goti ndiyo linamusumbua, lakini musikitini anafika. Shangazi yako Rachida iko, na kelele yake. Mudogo wako Latifa iko, anasoma vizuri, na siku hizi ndiye mwalimu wangu, utasikia. Hata ile kuku mutoto wako Heri alipenda iko, tulikataa kuichinja.

Aziza, tangu murudi Lubumbashi, mutoto wako hatoki mu roho yangu. Huku kwetu tate, babu ao nyanya, akimuita mujukuu wake "bwana yangu" ni mapenzi. Hata weye, babu yako alikuita "muke wangu", na ulikuwa unamudai kitenge. Basi siku mulifika nikamushika Heri mukono mbele ya watu: "Bwana yangu amefika! Mama yako atarudi peke yake, weye unabaki kwangu." Rachida naye akaongeza: "Mumuoshe kwanza, harusi ni kesho!" Tukacheka sana. Kumbe mutoto aliamini. Uliponiambia kwamba alikuwa analala na viatu mu miguu, tayari kukimbia, nililia. Sasa hata mu simu akisikia sauti yangu anatoroka, na unasema hataki tena kuja Kasongo.

Sasa sikia. Latifa alinionyesha mu simu yake hadisi za mapicha, zile za katuni. Si za kusoma tu. Unagusa na kidole, weye ndiye unachagua mutu wa katuni aende wapi. Mara ya kwanza niligusa vibaya, mutoto akaanguka mu muto. Nikapiga kelele: "Latifa, nimeua mutoto wa watu!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, rudia nyuma, anatoka." Kweli akatoka, nguo kavu.

Hadisi ikiisha, wanakufundisha kumuchora. Duara ni kichwa, madoti mbili ni macho, mustari ni kinywa. Ukipandisha ncha za mustari anacheka, ukizishusha analia. Ni vile tu! Lakini mimi niliyeacha masomo mapema, kalamu ilinishinda. Nilijifunza na kidole mu bunga ya muhogo. Baba yako akakuta sura mu lungo ya bunga: "Fatuma, huyu tunayemula leo ni nani?" Hataki sura za watu pale anaposwalia, basi katuni zangu zinakaa jikoni.

Mama Mado, yule muuzaji wa samaki, anashuka Lubumbashi. Ndiye anakuletea hii barua pamoja na karatasi ya Heri, katuni niliyomuchorea mu visanduku vine. Ku kisanduku cha kwanza ni mimi na kitambaa changu, naita "bwana yangu!" Cha pili ni Heri chini ya kitanda na viatu vyake. Kiatu kimoja kimepita kichwa kwa ukubwa, munisamehe. Cha tatu nimekaa chini mbele ya kitanda, namuambia ilikuwa muchezo, hakuna harusi, kwake ni kwa mama yake. Umusomee pole pole.

Cha mwisho nimemuachia yeye. Mumo niko peke yangu ku mulango, mukono wazi, na kando yangu iko nafasi. Kama vile mu simu, yeye ndiye atachagua: achore anakuja, ao achore mulango umefungwa. Kinywa changu pia sikukichora. Ni yeye atakichora.

Tafazali usimushike mukono akichora, na usimusukume.

Salimia sana mukwe wangu, na Benita jirani yako aliyekuangalia mu ugonjwa. Mungu awafunike wote, awape usingizi muzuri, Heri avue viatu.

Mama Mado akirudi, mupatie ile karatasi. Hata kama mulango umefungwa, nitumie. Fanya mbio, mama, niko nangojea kinywa changu.

Ni mimi mama yako, anayekupenda na kukuwaza kila siku,

Fatuma