Kikopo cha Mshubiri

Mama, nimekimbia mara moja kwa Shangazi. Umelala tena, sikutaka kukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Uso ukizidi kuwasha, osha kwa maji ya baridi tu, usipake kitu. Kile kikopo cheupe kwenye friji msikiguse. Kaka, hasa wewe, hata kwa mzaha. Na ndala zako nimevaa mimi, zangu sikuziona.

Kosa ni langu. Jani la mshubiri likishakatwa husimamishwa kwanza, utomvu wake wa njano uchuruzike wote, maana huo ndio unaowasha. Jana nilikuwa na haraka, nikakwangua ute palepale nikachanganya na asali, nikakupaka usoni. Leo umeamka mashavu yamevimba, yamejaa vipele. Kaka akauliza, "Mama, umegombana na nyuki?" Ukamjibu ni joto tu. Ukanitazama tu. Afadhali ungenigombeza.

Sasa moyo hautulii. Jana jioni nilimpa Shangazi kikopo cha mchanganyiko huohuo, kama kile cha kwenye friji, akasema leo atampaka mtoto akishamwogesha. Nimepiga simu mara nne, hapokei.

~~Nitamwambia nilimpa kikopo kisicho chake, anirudishie.~~

Hapana. Nitamwambia nilivyokosea, ingawa mnajua sauti yangu inavyokauka nikisimama mlangoni kwa watu.

Akipiga kabla sijafika, mwambieni asimpake mtoto chochote. Mengine niachieni, nitamwambia mwenyewe.

Kitindamimba wenu