Tundu Alilolikosa Fundi Mgeni

Shoga, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni gereji.

Lile gari la michezo la daktari, siku tatu nimelibandika mikeka ya kuzuia kelele, sakafuni mpaka milangoni. Bado linanguruma, na harufu ya moshi inaingia ndani.

Leo yule fundi mgeni aliyeletwa na Mjomba kaja na tochi. Kaniambia nikae ndani, yeye akamulika upande wa injini. Ule ukuta wa chuma mbele ya miguu ukapitisha mwanga kama chujio! Matundu madogo ya nyaya za zamani. "Dada, kelele na moshi vinapita hapa. Mikeka haitasaidia kabla hujaziba."

Mjomba akampigapiga begani. "Safi, mwanangu!"

MWANANGU! Mimi mtoto wa dada yake, miaka tisa gerejini kwake, naitwa "wewe".

Nilimwonea wivu, sikufichi.

Fundi akaziba matundu manne. La tano, nyuma ya pedali ya klachi, hakuliona. Mimi niliona mwanga wake. Nikanyamaza. Shoga, nilinyamaza!

Jioni daktari kaja na bintiye, kamfunga mkanda, kawasha gari. Miguu ikanipeleka yenyewe, nikasimama mbele ya boneti. "Zima! Bado tundu moja!"

Mjomba akauliza, "Umeliona saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Fundi mgeni akanitazama, kisha akanipa gundi nizibe mwenyewe.

Anajua, shoga. Na kunistiri kwake mbele ya Mjomba ndiko kunakoniuma zaidi.