Ndoto Zangu Kinywani mwa Mama Maono

Kibondo,
Mwezi wa saba, 2014.

Kwako dada yangu Leokadia,

Mwakeye, dada. Kabla ya kuandika neno hili nimeweka kalamu chini, nikainama na kupiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa, hapa hapa juu ya ndoo niliyokalia. Wenzangu wa ghala wamecheka, wanadhani nawasalimia nyuki. Hamjambo hapo Muyama? Mguu wa shemeji umepona? Maharage mmeshapiga yote au bado mnaanika? Mimi mwili ni mzima. Huku asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka saa tatu, na ukiondoka vumbi linaanza. Kazi ya asali imepamba moto. Nachuja tangu asubuhi mpaka jioni, na harufu yake imeniingia hata kwenye nywele, kiasi kwamba siku nyingine natembea njiani kama mtu aliye nusu usingizini.

Najua barua hii unaishika kwa ncha za vidole. Umenyamaza tangu Pasaka, na una haki. Nimechagua karatasi kwa sababu nataka mara hii maneno yangu yafike kwako bila kupita machoni mwa mtu mwingine. Anayeileta ni Filbert, tunafanya naye kazi hapa ghalani, anampeleka mama yake hospitali ya Kabanga na amekubali kufika mpaka kwako. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Dada, nisikilize polepole.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisimuliana ndoto kabla ya kunawa uso, maana mama alituambia ndoto ikiguswa na maji inakimbia. Nilipokuja huku baada ya kumzika mume wangu, baba yake Oliva, nikakuachia mtoto angali mdogo, kitu pekee nilichobeba kutoka nyumbani ni tabia hiyo. Kila asubuhi, uso haujaguswa na maji, nilikuandikia kwenye simu nilichokiona usiku. Ulikuwa unajibu kwa maneno mawili matatu, na siku yangu ilikuwa inaanzia hapo.

Sasa ghalani hatushiki simu. Mikono inajaa asali mpaka viwiko, ukigusa simu mara moja vitufe vinagandana wiki nzima. Kwa hiyo asubuhi kila mmoja anapita kwa Gervas, mwenye sola, anaiacha ichajiwe mpaka jioni. Gervas anabandika plasta nyuma ya kila simu, anaandika jina la mwenyewe, na chini ya jina namba ya siri ya kuifungulia. Usishangae. Tulimpa wenyewe, tena kwa shukrani, ili ukiingia ujumbe wa msiba au ugonjwa ausome na kutuma mtu ghalani kutuita. Ndiye pia aliyenifungulia ile akaunti ya mtandao tuliyokuwa tunaandikiana. Nilimwambia tu nataka kumwandikia dada yangu, akabonyeza bonyeza, akanirudishia simu ikiwa tayari. Neno la siri alilitunga yeye na mimi sikuliuliza. Ningeuliza vipi? Ningeonekana simwamini, na kwetu mlango tulikuwa tunaufunga kwa ajili ya mbuzi tu.

Mke wa Gervas tunamwita Mama Maono. Jumatano jioni baada ya kazi watu wanakusanyika uani kwake kuombewa, nami nilikwenda kwa sababu ya upweke. Siku ya pili tu alisimama mbele yangu, macho ameyafumba, sauti yake laini kabisa, akasema, "Devota, namwona mama yako marehemu. Anatwanga ulezi juu ya maji, na maji hayatikisiki."

Mawe we, mama yangu! Ndoto ile niliiota Jumatatu, na nilikuwa nimemwambia nani? Wewe peke yako. Nitakwambia ukweli ambao unanitia aibu: nilifurahi. Kuna utamu mkubwa kujulikana bila kusema. Nilirudi nyumbani nikielea, milima yote ya upande wa Kasulu ilikuwa ya buluu siku hiyo, nikawa naona kama kila kitu kinanijua, hata mawe ya njiani.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Naota, nakuandikia, Jumatano Mama Maono ananirudishia ndoto yangu ikiwa imeongezwa maana. Mpaka ile niliyokuandikia ya Oliva, kwamba nimemwona ni msichana mkubwa, anatembea barabarani na viatu vyake mkononi, anacheka. Wewe ulinijibu, "Viatu vimembana, nitamnunulia vingine." Mama Maono hakucheka. Aliniambia, "Huyo unayempelekea ndoto zako ndiye anayezila. Mtoto amevua viatu ili atoroke nyumba hiyo. Mtoe kabla ya Pasaka."

Unajua nilichokuandikia. Nakiandika tena hapa ili nisije nikajifanya nimekisahau: "Oliva aondoke kwako wiki hii, apelekwe Kasulu kwa bibi yake mzaa baba. Usiniulize kwa nini." Hukuniuliza. Mama mkwe alinisimulia baadaye kwamba ulimpeleka mwenyewe, mtoto ameogeshwa, amesukwa, nguo zimekunjwa moja moja, hata kikombe chake umekibeba. Alikukaribisha chai ukakataa, ukaondoka bila kugeuka nyuma. Mtoto uliyemlea tangu hajajua kutembea, dada, nilimtoa mikononi mwako kwa mistari miwili.

Baada ya hapo sikuota tena. Nilikuwa naamka mtupu kama ndoo iliyooshwa. Nilikuandikia kuomba radhi, ukanyamaza, na nikaona nastahili. Ndipo siku moja, kwa kutamani tu kurudi tulipokuwa, nikakutungia ndoto. Ndiyo, niliitunga, nikiwa macho kabisa, nakunywa uji. Nilikuandikia kwamba nimeota wewe, mimi na Oliva tumekaa juu ya paa tunaanika maharage, mvua inanyesha pande zote isipokuwa pale tulipo. Nilifikiri labda utacheka unijibu. Hukujibu.

Jumatano, Mama Maono akafumba macho. "Nimeonyeshwa ndoto yako, Devota. Watu watatu juu ya paa, na mvua pande zote."

Watu uani waliguna kwa mshangao. Mimi nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilikuwa nafumba macho pamoja naye. Nikawaza, huyu ameonyeshwa na nani? Ndoto hiyo haikuotwa na mtu yeyote duniani. Haikuwahi kuwa kichwani mwangu usiku hata dakika moja. Ilikuwa ndani ya simu tu.

Nilitoka pale moja kwa moja kuchukua simu yangu. Siku hiyo hiyo nilibandua plasta, nikabadilisha namba ya siri ya simu, nikaacha kabisa kuipeleka kwa Gervas, nikawa naizima kutwa ndani ya mfuko wa nguo. Nikasema yamekwisha. Wiki iliyofuata Mama Maono ananiambia njiani, mbele ya watu, "Acha kumbembeleza huyo dada yako, nisamehe, nisamehe, mara tatu kwa siku moja." Na ni kweli nilikuwa nimekuandikia mara tatu. Dada, ile ndiyo siku niliyoogopa kweli. Nilijiona kama natembea uchi na nguo nimevaa.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura, muuza vitambaa hapa mjini, mama wa watu wa Tanga, ana simu kubwa na anaijua kama cherehani yake. Alinikalisha kwenye mkeka kati ya majora ya vitenge, akaniuliza neno la siri. Nikamwambia silijui. Akashika kichwa. "Ala! Bibi wewe, nyumba ni yako na ufunguo hujawahi kuuona?" Akaitazama akaunti yangu kwa utulivu, akanionyesha mahali panapoandikwa imefunguliwa kwenye simu ngapi. Zilikuwa tatu. Yangu moja. Mbili, aina zake sizijui. Akanieleza kwamba kubadilisha namba ya siri ya simu ni kufunga dirisha, na hawa waliingilia mlangoni, wameshazoea kukaa humo hata simu yangu ikiwa imezimwa.

Tulitaka kuweka neno jipya, mtandao ukasema utatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu iliyoandikishiwa akaunti. Tukangoja. Simu yangu kimya. Bi Zuhura akanitazama, nami nikaelewa. Gervas aliandikisha kwa namba yake.

Basi tulikwenda. Saa kumi jioni, watu wamejaa wanachukua simu zao, nusu yao ni wa ghala letu. Bi Zuhura akasimama mbele ya meza, baibui lake limejaa vumbi, akabonyeza simu yangu, na papo hapo simu ya Gervas ikalia mfukoni mwake.

"Shikamoo, Baba. Imeingia namba kwako," nikamwambia. "Ni ya kwangu. Naomba unisomee."

"Namba gani?"

"Isome, bwana," Bi Zuhura akasema taratibu, "au nikusomee mimi, nisome na mengine yaliyomo."

Gervas alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, namba moja moja. Alipomaliza akanigeukia kwa hasira, "Kwani si wewe uliyenipa? Nilikuibia?" Na hapo, dada, hakuongopa, maana nilimpa kweli. Mke wake alitoka ndani akifuta mikono. Niliwaza atakana. Hakukana. Alinitazama kwa upole ule ule, akasema, "Devota, Mungu ana njia nyingi za kuonyesha. Hata simu ni njia." Nadhani anaamini. Gervas anamsomea, yeye anafumba macho, na akifumbua anaona ni maono yake mwenyewe. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hata kumchukia vizuri siwezi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ila nilisikia sauti ndogo, krr, krr, nikageuka. Watu walikuwa wanabandua plasta nyuma ya simu zao.

Tulirudi dukani. Bi Zuhura alinifundisha kuzitoa zile simu mbili, kuondoa namba ya Gervas na kuweka yangu. Tulipofika kwenye neno jipya la siri, alinipa simu mkononi akageuzia uso wake ukutani. "Andika. Hata mimi usinionyeshe." Nilikaa na ile simu muda mrefu, dada. Tangu nizaliwe, hakuna mtu aliyewahi kunigeuzia mgongo kwa heshima namna ile. Sikujua niandike nini. Mwishowe niliandika, na sitakutajia hata wewe, usinichukie. Machozi yalikuwa yananitoka, na majora ya vitenge yote yalikuwa yanacheza machoni mwangu, maua ya buluu, ndege wa njano, yakienda na kurudi.

Juzi nimeota tena. Niliamka nikakaa kitandani, uso mkavu, ndoto yote ikiwa ndani yangu kama maji kwenye kibuyu, na hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mimi. Niliinuka taratibu nisiimwage. Kutwa nilichuja asali nikiwa nayo. Sikumwandikia mtu. Ni raha ambayo sikuwahi kuijua, na ina upweke wake pia.

Nisalimie shemeji, mwambie asiukanyagie mguu kabla haujapona. Msalimie baba mdogo, mlinzi wa kanisa, na shangazi Yasinta mwenye mdomo, mwambie simu yangu sasa ina kufuli, kwa hiyo umbea atautafuta kwingine. Wasalimie watoto wako wote, na yule jirani yako mama wa Kirundi aliyebaki kwetu wenzake wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila walipoondoka. Salamu zangu zimfikie pia mwalimu wa kwaya.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Nimezungumza na mama mkwe. Nilimwambia nitakuja kumchukua Oliva nimrudishe kwako. Akaniambia, "Wewe hukumleta. Aliyemleta ndiye nitakayemkabidhi." Na yuko sawa. Nimepewa ruhusa ya siku nne. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitashuka Kasulu, nitakaa kwa mama mkwe mpaka Jumatatu. Sitazigusa nguo za mtoto. Sitamwambia kwamba unakuja, maana sijui kama unakuja, na nimeshamdanganya vya kutosha kwa kunyamaza. Jirani wa mama mkwe ananiambia kila Jumapili baada ya misa mtoto anasimama nje na kikombe chake, anatazama barabara ya Muyama, na hamtaji mtu. Si mimi anayenitazamia, dada. Nilimzaa, na najua ninachokiandika. Ukija, nitakupisha mlangoni uingie wewe kwanza.

Mdogo wako,
Devota