Kuku wa Anatolia Kuogeshwa Mbele ya Wanachama

KIKUNDI CHA AKINA MAMA WAFUGA KUKU, IJUGANYONDO
Jumamosi, 18 Agosti 1990, uani kwa Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA: Mama Felicitas (Mwenyekiti), Mama Klaudia, Bi. Ashura, Mama Gamaliel (Katibu, ndiye mimi) na wanachama wengine.
HAKUFIKA: Bibi Kokugonza, anaumwa mikono. Alimtuma mjukuu wake Anatolia, darasa la tatu, pamoja na kuku wake na beseni, kama alivyoagizwa.

KUMB. NA. 1/90: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua saa tisa. Aliomba tuseme upesi, kesho tuna mazishi tena Maruku.

KUMB. NA. 2/90: LALAMIKO
Mama Klaudia alieleza kwamba kuku huyo anaogeshwa kwenye beseni aliloogeshewa marehemu mama yake Anatolia, aliyekufa Juni kwa ugonjwa huu wa kukonda, halafu anazurura kwenye migomba yetu na kula na kuku wetu. Alitaka achinjwe na kufukiwa. Bi. Ashura alimuuliza, "Umemsikia anakohoa?" Wanachama walicheka. Mama Klaudia alisema acheke mwenye watoto wa akiba. Kicheko kiliisha. Katibu niliunga mkono achinjwe, maana nina wanne nyumbani.

KUMB. NA. 3/90: MTOTO KUONYESHA
Mwenyekiti alimwambia Anatolia amwogeshe tuone. Mtoto alitandika gunia, akapima maji kwa kiwiko. Alimlaza kuku ubavu, mkono mmoja chini ya shingo isilegee. Alimsugua kwa sabuni ya mche chini ya mabawa na katikati ya vidole, akamkinga macho na povu. Kila mara kabla ya kumgeuza alimwambia kwa heshima, kama anayesema na mtu mzima, "Nakugeuza, waitu. Maji yanakuunguza?" Kisha alimfuta kwa kanga. Mgongoni alifuta kwa kugusagusa tu, kama penye vidonda. Kuku huyo hana vidonda.

Mwenyekiti aliuliza nani alimfundisha kuogesha kuku hivyo.

Alijibu, "Kuku sikufundishwa. Nilikuwa namwogesha mama. Mikono ya bibi haikamati."

Aliulizwa nani walikuwa wakimsaidia. Alitutazama. Alisema, "Nyie mlikuwa mnaweka ndizi pale njiani, mnaondoka."

Ni kweli. Tuliweka njiani.

KUMB. NA. 4/90: UAMUZI
Mwenyekiti aliita mikono ya wanaotaka kuku achinjwe. Haukuinuliwa hata mmoja. Mama Klaudia aliomba hilo la ndizi lisiandikwe. Bi. Ashura alisema, "Andika, mama." Nimeandika.

KUMB. NA. 5/90: KUFUNGA
Upepo wa ziwani ulikuwa baridi na kuku alitetemeka. Mtoto aliuliza nani amshikie kuku, yeye akamwage maji. Alikuwa amezoea kufanya yote peke yake, kwa hiyo aliuliza huku ameshaliinua beseni. Mama Klaudia alimpokea kuku, akamfunika kifuani kwa kanga yake mwenyewe. Mwenyekiti alisema sala ya kufunga.

Kikao kilifungwa kuku alipokauka, saa kumi na mbili kasoro.

Mwenyekiti: Felicitas Ishengoma (sahihi)
Katibu: Mama Gamaliel (sahihi)