Rukia Hakuitika Msituni

Croydon, London
Jumatatu asubuhi

Mama yangu kipenzi,

Nakushika miguu kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Na ile presha, unameza dawa au unazificha chini ya mto kama kawaida yako? Sisi wazima, alhamdulillahi. Nikwambie mapema usije ukashtuka: Rukia yupo, leo sikumpeleka skuli, yuko chumba cha pili anachora. Sikiliza ukijua hivyo.

Jumamosi skuli ya watoto iliandaa matembezi ya familia msituni. Ndiyo, mama, Waingereza huingia msituni kwa hiari yao, tena kipupwe hiki, na watoto wachanga ndani ya vigari. Hawaendi kukata kuni. Wanatembea, wanakunywa chai, wanarudi makwao. Mwalimu alisema njia ni fupi, haina kilima, na miti imepakwa alama za manjano mtu asipotee. Baba Salim alikuwa kazini. Nikawavisha wanangu soksi mbili mbili, mabuti ya mpira, kofia na glavu, tukapanda basi.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Majani yalikuwa yameganda, yanalia chini ya miguu, na Salim alikimbia na wenzake mpaka pua ikawa nyekundu. Tulipofika kwenye magogo ya kupumzikia nikamimina chai yangu ya tangawizi. Rukia akaninong'oneza kwamba amebanwa na haja ndogo. Nikampa ile chupa ya maji ya kuchambia, nikamwonyesha mti mnene hapo karibu, nikamwambia nenda nyuma yake, nakuja. Sikwenda, mama. Mzazi mmoja wa Kizungu aliniuliza chai hii imetiwa nini, nami kwa kupenda sifa nikaanza kumhesabia iliki na mdalasini.

Nilipogeuka, nyuma ya mti hapakuwa na mtu.

Kumbe aliwaona wavulana, akaona haya, akaenda mbele zaidi, na zaidi tena. Na ukungu ulikuwa umeshuka. Saa tisa ilikwisha kupita, na huku majira haya ikifika saa kumi giza linaingia. Nikaita. Kimya. Nikaita kwa nguvu mpaka koo likauma. Kimya. Watu wote wakaweka vikombe chini wakaanza kuita, wanaume wa sauti nzito, kila mmoja analitamka jina la mwanangu kwa namna yake. Msitu mzima unamwita Rukia, na Rukia haitiki. Mwalimu akakimbilia barabarani kutafuta simu awapigie polisi.

Niliogopa, mama. Mara ya mwisho kuogopa hivyo nilikuwa mdogo kama yeye, siku zile za mapinduzi, ulipotulaza chini ya kitanda ukatukataza tusiitike hata tukiitwa kwa majina yetu. Lakini siku ile wewe ulikuwepo, mkono wako ukinigusa mgongoni. Juzi mama nilikuwa mimi, na mkono wangu haukuwa na wa kumgusa.

Salim ndiye aliyenizindua. Alinivuta koti akasema, kwa Kiingereza chake kama kawaida, "Hataitika. Bibi alimkataza."

"Alimkataza nini?"

"Ukiitwa kichakani na usiyemwona, nyamaza. Huenda ni jini. Mtu mwema atatoa salamu kwanza."

Mwaka jana nilipowaleta kwako likizo mimi mwenyewe nilikwambia uwafunze adabu, wasije wakawa Wazungu weusi. Ukawafunza. Na huyu wa kike, asiyeshika hata hesabu ya mbili, hilo alilishika.

Basi nikasimama katikati ya Wazungu na mbwa wao, nikapaza sauti: "Assalamu alaykum!" Watu wakanyamaza, wakanitazama kwa huruma, wakidhani akili zimeniruka. Nikatoa tena. Mara ya tatu nikasikia kisauti chembamba, si mbali, hatua thelathini hivi:

"Waalaykumu ssalaam."

Alikuwa amejikunyata chini ya mti ulioanguka, mikono masikioni, glavu moja haipo, midomo imebadilika rangi. Wanaume wawili walikuwa wamempita karibu kabisa. Nilitaka nimzabe kibao, nikamkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

"Sauti yangu hukuisikia?" nikamuuliza.

"Niliisikia. Lakini jini anaweza kuiga sauti ya mama."

Mama, sikulaumu. Aliyempa chupa akabaki kujisifia chai ni mimi. Lakini tangu juzi sina usingizi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sasa hata akichelewa bafuni nagonga mlango. Nimemwambia mama akiita lazima aitike, hapo hapo. Ananitazama usoni, ananijibu: "Bibi hakusema hivyo." Amri yako imepita yangu. Nakuomba urekodi kaseti, kwa sauti yako, umwambie mama yake akimwita aitike, hata kama hamwoni. Na wewe uniambie kweli, mimi tu, si yeye: somo lile ulimfunza kwa ajili ya majini, au bado unawaogopa wale watu waliokuwa wakituita siku ile?

Nisalimie kaka Omari, mwambie viatu vya mwanawe ninavyo, nangoja msafiri. Shangazi Mwanaidi mwambie dua yake ya safari naisoma hata nikienda dukani. Na jirani Bi Kombo, anayekusomea barua hii, nampa salamu za pekee, na namwomba asilisome lile swali la mwisho kwa sauti ya kusikika uani.

Nimemwita Rukia aje akuandikie jina lake hapa chini. Nimemwita mara mbili. Kimya, na kilichotutenga ni ukuta mmoja. Roho imeniruka hivi hivi, mchana kweupe. Ngoja nitoe salamu.

Mwanao akupendaye,
Zuwena

BIBI MIMI SIKUITIKA. RUKIA