Nati Iliyomzuia Baba Kufika Robanda

Kijiji cha Nyakunguru,
Tarime, Mara.
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Waisiko,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kifua kimetulia, maana najua vumbi la Robanda msimu huu halina huruma. Usingizi unapata? Tembo wamekuachia chochote shambani, au wamevuna wao tena? Sisi huku ni wazima, kwa kadiri mtu aliyechoka anavyoweza kuwa mzima. Baba anakula kidogo. Mimi nakula nikikumbuka.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu hupokei. Silalamiki, ningekuwa wewe nami nisingepokea. Barua nimempa mwalimu mmoja anayekwenda Mugumu, ameahidi itafika mkononi mwa binti yako Neema. Nakuomba uisome yote, ndipo unikasirikie.

Pole tena kwa kuondokewa na mzee wetu Nchagwa. Neema aliniambia ulichosema watu walipotawanyika baada ya maziko: kwamba siku ile ulizika wawili, mume na kaka. Nilimficha Baba maneno hayo, lakini yalimfikia, maana huku kwetu neno halilipi nauli. Tangu siku hiyo ukimsemesha anaitikia tu.

Shangazi, tulikuwa njiani. Hilo tu ndilo ninalotaka ulijue, mengine ni maelezo.

Tuliondoka alfajiri. Baba alivaa lile koti lake la kanisani, blanketi jipya la kukufunika mabegani akalipakata kama mtoto. Hatujafika hata daraja la Mto Mara, tairi la nyuma likapasuka. Jambo dogo, jeki ilikuwepo na tairi la akiba lilikuwepo. Ila hili gari langu, nililolinunua kwa mtu wa Mwanza, lilikuwa na nati za loki. Katika kila tairi nati moja haifanani na nyingine, ili mwizi asiweze kuifungua. Inafunguliwa kwa kichuma kidogo chenye meno ndani, na kila gari lina meno yake, kama kila boma lilivyo na alama yake kwenye sikio la ng'ombe. Aliyeniuzia alinipa kichuma kimoja tu, nami nikashukuru.

Nati ilikuwa imeshika kutu. Ilitaka mafuta, na ilitaka subira. Lakini kaka yako unamjua. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu, bolti ikigoma spana inaongezwa bomba refu na mwanaume anapanda juu ya bomba kwa miguu. Ndivyo Nyakunguru tunavyofungua kila kitu. Akasimamisha wachimbaji waliokuwa wanapita na mabomba yao. Nikamwambia, "Baba, hiki kichuma hakitaki nguvu." Akanijibu bila kunitazama, "Dada yangu amekaa na maiti, ananingoja mimi." Kisha akamgeukia kijana mmoja wao, "Mura, panda!"

Wakapanda. Kichuma kikapasuka, nusu ikabaki imeng'ang'ania kwenye nati. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini haraka ile ilikuwa ya kukupenda wewe.

Basi lilipita limejaa hadi mlangoni. Pikipiki, kwa nyonga yake ile mbovu, Baba hawezi. Alijaribu hata hivyo, nikamshusha mwenyewe huku analia. Fundi Okinyi alipofika alasiri kutoka Tarime alihangaika na nyundo, akapigilia soketi kuukuu juu ya nati mpaka ikakubali kuzunguka. Wakati huo jua lilikuwa linazama na Neema alikuwa ameshaniandikia kwamba mmemaliza kuzika. Baba akasema turudi. "Nitamwambia nini? Kwamba nimeshindwa na nati?" Akanikataza nisimwambie mtu. Nimetii mpaka leo, na utii huo umenichosha kuliko gari lenyewe.

Utauliza kwa nini hatukuja baadaye. Matairi matatu yalikuwa bado na loki, na Okinyi alikataa kuzipigilia, kwa sababu ile ya kwanza nusura ipasue rimu. Njia ya kwako unaijua. Pancha moja tu na tungelala na fisi. Basi nimezunguka maduka ya spea Tarime mpaka wauzaji wameanza kuniita Mama Nati. Mwisho Okinyi alikandamiza kipande cha sabuni kwenye nati moja, alama ya meno ikabaki, nikaibeba sabuni hiyo hadi Sirari kwa uangalifu kama nimebeba yai. Kule muuzaji mmoja akanimwagia sakafuni ndoo nzima ya vichuma. "Tafuta tu, madam. Ikiingia ni yako, ikikataa usinilaumu." Nikaketi chini na gauni langu la heshima, nikilinganisha kimoja baada ya kingine, mgongo unaniuma, watu wananiruka. Nilikuwa nimeshakata tamaa kimoja kilipofanana.

Jana Okinyi amezifungua zote. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma. Tumeweka nati za kawaida. Mwizi akiyataka matairi ayachukue, mimi nimechoka kulinda.

Shangazi, ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili yako ndio waliomwoa mama yangu. Tangu utoto Baba anatuambia sisi ni watoto wa ng'ombe wa Waisiko, na kwamba hatupaswi kusahau. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuvunjia kichuma. Kukudharau hawezi.

Msalimie sana Neema na wanawe. Mokami, mke wa kaka yangu, anakupa pole na anasema dawa ya kifua ameshaichemsha, nitakuja nayo. Mdogo wangu Boke naye anakusalimu, amejifungua salama. Mungu anayewatunza wajane akae karibu nawe mpaka tufike.

Tunaanza safari Ijumaa. Sikuombi umsamehe, hayo ni yenu wawili. Nakuomba umfungulie mlango tu, na akikutolea mfukoni nusu ya kichuma kilichovunjika, usimcheke. Anakishika muda wote. Siku ile ulizika mmoja, shangazi. Huyo wa pili yuko hapa nje, amevaa koti lake la kanisani na Ijumaa bado, ananiuliza tena kama nimepima upepo wa matairi.

Mwanao aliyechoka na mengi, ila si kukupenda,
Eunice Mogesi