Wa Tatu Hatajwi

Jumatatu, 4 Februari 1985

Theluji tena. Basi limechelewa, nimefika shule ya Tensta nahema. Watoto sita wananingoja, wanagombana kwa Kiswidi. Mkuu wa shule kasema akipungua hata mmoja, somo la Kiswahili linafungwa. Thubutu!

Leo nimewaletea dawa kutoka chuo kikuu, ninakosoma masimulizi ya kale ya Wales. Washairi wa huko zama za kati walikuwa wajanja. Hekaya walizifunga tatutatu: watu watatu, sifa moja, basi. Anayetaka kisa chenyewe aulize. Nikawatungia wangu: wakaidi watatu wa kisiwa kimoja, aliyekataa kuvuka mto, aliyekataa ushauri wa mkewe, aliyekataa kufa. Nikanyamaza. Namjibu anayeuliza kwa Kiswahili tu.

Neema, miaka tisa, ambaye hajawahi kunipa neno ila la Kiswidi, akaropoka: "Alikataa kufa kwa nini?" Nusura nipige vigelegele. Nimewapa kazi: kila mtu alete watatu wa kwao.

Alhamisi, 7 Februari

Baba Neema kaja shuleni. Mganda, alikimbia utawala wa wanajeshi. Mkewe, Mtanzania mwenzangu, ndiye aliyemwandikisha mtoto. Hakutaka kukaa. "Mwalimu, hiyo lugha mimi nilifundishwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, bunduki kifuani. Mwanangu ya nini?"

Nimekasirika, hasa kwa kuwa ana haki. Lakini Kiswahili si mali ya wauaji wale.

Jumatatu, 11 Februari

Neema kaleta wacheshi watatu wa kwao. Shangazi Rose. Babu Erisa. Wa tatu, baba yake hataki kumtaja.

Nikamwambia ukweli. Kwenye miswada ya Wales wamo watu waliobaki majina tu. Visa vyao vimepotea, waliovijua walikufa bila kuulizwa. Huyo wa tatu wako hata jina hana, nikasema. Muulize tena.

Nimevuka mpaka? Hapana. Labda.

Jumanne, 12 Februari

Mama Neema kapiga simu. Mtoto aliuliza mezani. Baba yake kaacha chakula, kaenda kusimama roshanini bila koti. Mumewe anasema Jumatatu anakuja kumwondoa mtoto darasani.

Basi. Somo limekwisha, na kaburi nimelichimba mwenyewe. Nimelia, nimenawa uso. Radhi siombi. Swali lilikuwa la haki.

Jumatatu, 18 Februari

Baba Neema kaja, kofia mkononi. Nikamwandalia kalamu atie saini ya kumwondoa mtoto. Hakuigusa. Akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti juu.

Akasema kwa Kiswahili, kila neno akilitafuta. Wa tatu ni Yosamu, mdogo wake. Pale kwenye kizuizi cha barabarani Yosamu aliwatania askari kwa Kiswahili hichohicho, wakacheka mpaka wakasahau kumtazama kaka mtu. "Mimi nikapita," akasema. "Yeye walimbakiza awachekeshe zaidi." Hakumwona tena.

Neema akamsogelea baba yake akamuuliza, kwa Kiswahili, Baba mdogo alikuwa anachekaje.

Baba akajaribu kucheka kama mdogo wake. Kicheko hakikutoka. Akajaribu tena.